Maharage mekundu yaliyowatapisha watoto

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini maharage mekundu uliyoyaacha usiku kucha kwenye mkaa unaofifia yamewatapisha watoto, na hayakuwa yamechacha. Hayakuiva. Maharage hayo yakiwa mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini. Punje 4 au 5 tu zinatosha kumletea mtu kichefuchefu na kutapika ndani ya saa 1 hadi 3, kisha kuhara na tumbo kusokota. Moto mdogo ndio hatari zaidi: kwenye nyuzi 80 hivi, bila kutokota, sumu inaweza kuzidi hata ya maharage mabichi.

Loweka kilo 1 kwa lita 3 za maji, saa 5 au zaidi. Mwaga maji yale, usipikie kabisa. Suuza, weka mapya, chochea mkaa mpaka yatokote kwa nguvu, uhesabu dakika 30 kuanzia hapo. Ndipo upunguze moto yalainike. Visima vingi vya huko kwenu Dodoma vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo maharage yatachelewa kuiva. Magadi kidogo hulainisha, ila hayafuti zile dakika 30. Hata ya makande yatokote hivyo hivyo. Bonyeza punje kwa vidole: ikiwa na kiini kigumu, bado.

Watoto wape maji ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kidogo kidogo. Kwa kawaida hali hutulia ndani ya saa chache. Asiyeweza kunywa, anayelegea au anayehara damu, mpeleke kituo cha afya sasa hivi.