ULIZA BIBI SHAMBA: Niuze mabua yote?

SWALI: Shikamoo bibi shamba. Mie niko huku Handeni, nna eka 2 za mahindi, mwaka huu namshukuru Mungu nimetoa gunia 10 kwa eka. Sasa kuna kaka anakuja na kirikuu toka Tanga mjini, anafuga ng'ombe wa maziwa, anataka akate mabua yote mpaka chini, hela palepale. Baba watoto kashakubali ila jirani ananambia nikiuza shamba litakufa. Nifanyeje? (Mama Asha)

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani kasema kweli ila kakutisha kidogo, mabua yanauzika, tatizo ni hilo neno "yote". Hebu tupige hesabu, gunia 10 za kilo 100 ni tani 1 ya punje, na mabua yake nayo yanacheza humohumo, tani 1 hivi kwa eka. Ndani yake kuna naitrojeni, chakula cha mmea, kama kilo 6 mpaka 8, yaani karibu theluthi ya mfuko wa mbolea ya yurea wa kilo 50, na potasiamu, chakula kingine cha mmea, ndo inazidi hapo, sasa huko kwenu nani ananunua potashi, yaani mbolea yake, airudishe? Kabla hujataja bei pita kwanza dukani kaulize mfuko shilingi ngapi.

Mwambie huyo kaka akatie usawa wa goti. Wala haumii, ng'ombe anataka majani na ile juu laini, shina la chini analisukuma na pua tu mpaka linageuka tandiko la zizi. Aanze na yale yaliyotobolewa na funza, achukue kama nusu basi. Yanayobaki yalaze juu ya udongo, usichome, na usiyafukie maana bua kavu likioza chini vijidudu vinagombea naitrojeni na mahindi yako, unaona miche ya njano unadhani ugonjwa. Siku ya kupanda tembea hatua 10, kila hatua angalia ncha ya kidole gumba cha mguu, kama imegusa mabua mara 3 au zaidi uko vizuri. Ila kama kuna upande una mteremko, pale asitoe hata bua moja, masika itakubebea udongo wote.

Na hiyo kirikuu mbona inakuja tupu? Muulize samadi ya hao ng'ombe anaipeleka wapi.