Kwa mnaoanza Haskell, stringi zitawachezea

Kama umetoka Python au JavaScript ukaja kwenye lugha hii ya programu, jua kwanza hili: `String` (aina ya data ya maandishi) ya Haskell ni listi ya herufi tu, `[Char]`, hamna kingine. Mwanzoni raha kweli maana kila fanksheni ya listi inaikubali, `reverse`, `filter`, `map toUpper`, unaandika mstari mmoja kazi imeisha. Mi nilikaa hivyo miezi nikidhani nshafika.

Kilichoniamsha ni faili moja la logi, kama MB 50 hivi. Nikalisoma kwa `readFile`, na kwa vile nilikuwa nalipitia mara mbili likabaki lote kwenye memori, mashine ikaanza kukohoa. Ukipiga hesabu wala si ajabu: kwenye mashine ya biti 64 kila herufi ya listi ina seli yake ya baiti 24, yaani kichwa cha seli, pointa ya herufi, na pointa ya seli inayofuata. Mara milioni 50 hiyo ni GB 1.2! Nikahamia `Text` ya maktaba ya `Data.Text`, yenyewe inapanga herufi zimebanana bila hizo pointa, na kuanzia toleo la 2.0 inahifadhi herufi kwa mfumo wa UTF-8 kwa ndani (zamani ilikuwa UTF-16), kwa hiyo herufi ya ASCII, yaani zile za kawaida za Kiingereza, inakula baiti 1 tu.

Ukihamia, washa `OverloadedStrings` (nyongeza ya lugha inayofanya maandishi ya ndani ya "" yakubalike kama Text) na uimpoti `Data.Text` kwa `qualified ... as T`, la sivyo `length` na `lines` zitagongana na za Prelude, maktaba inayoingia yenyewe kila programu. Na usiwe mtu wa `T.pack` hapa (String kuwa Text), `T.unpack` pale (Text kurudi String), kodi nzima. Ukijikuta hivyo ujue hujahama, unatembelea tu.

Halafu kuna `++` ya kuunganisha listi. Hii inakopi upande wote wa kushoto, sasa wewe ukiandika `foldl (\a x -> a ++ x) ""` kila mzunguko unakopi upya kila ulichokwisha jenga, vipande 10 hutaona kitu, vipande 100,000 utaenda kulala urudi. Na usidhani `<>`, kiunganishi cha Text, itakuokoa kwenye luupu, yenyewe inakopi pande zote mbili. Kusanya vipande kwenye listi kisha `T.concat` au `T.intercalate` mara moja mwishoni.

La mwisho limenipotezea jioni nzima, naona hata aibu kulisema. Niliprinti "café" ikatoka `"caf\233"`, nikabadilisha enkodingi ya temino, nikabadilisha lokale, nikakaribia kuifomati mashine. Kumbe nilitumia `print`, na `print` inapitia `show`, na `show` kazi yake ni kukuandikia stringi kama ingeonekana ndani ya kodi, é ikigeuzwa namba yake 233, na alama za kunukuu juu. Nikaweka `putStrLn`, é ikatokea bila shida yoyote.