Muulize Fundi: Redio inashika mjini, nyumbani hola

SWALI: Shikamoo fundi. Nilipokuwa kwa mwanangu Dodoma mjini, redio yangu ndogo ilishika Dodoma FM na nyingine za pale bila mkwaruzo. Nimerudi nayo Mpwapwa, zote zimepotea. Ajabu, usiku nikiiweka MW napata stesheni za mbali, hata za lugha nisizozijua. Mwanangu anataka kuniletea sabufa yenye redio. Itasaidia?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Marahaba mama. Mwambie kijana pesa yake aitulize kwanza. Sabufa itakupa mkoromo uleule, ila mpaka jirani atausikia.

Redio yako ni nzima. FM, yaani zile namba za 88 mpaka 108, husafiri kama mwanga wa tochi: ikikuta mlima, nyuma ya mlima ni giza. Hata pasipo na mlima, dunia yenyewe imejipinda. Antena ya kurushia ikiwa juu mita 100 na yako ikiwa mita 5, kwenye tambarare mnaonana kwa kilomita 50 hivi. Mtu wa Chamwino hana wasiwasi. Wewe uko zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, na milima ya Kiboriani imekukalia hapo hapo.

MW, yaani masafa ya kati, ina tabia nyingine. Mchana hutambaa na ardhi, na yale mawimbi yanayopanda humezwa na tabaka la anga linalotengenezwa na jua. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, mawimbi yanafika juu zaidi, yanagonga tabaka la juu na kurudi chini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndiyo hao wageni wako wa usiku. Ukitaka uwasikie vizuri, chomoa chaja za simu za bei poa zilizo karibu. Hizo siku hizi ndizo zinazoniletea wateja wenye redio zisizo na ugonjwa wowote. Na kwenye MW usihangaike kuvuta antena, izungushe redio yenyewe, maana antena yake imo ndani.

Kwa FM, jaribu kwanza kutoka chini ya bati. Vuta antena yote. Kama imekatika, waya wa shaba wa sentimita 75 ukiuzungushia kwenye kile kipande kilichobaki unatosha. Bado kimya? Basi hela ya sabufa inunue mlingoti na antena ya nje, ielekezwe Dodoma. Sikuahidi, mlima ni mlima, lakini urefu ndio unaolipa, si spika.

SWALI: Fundi, mambo. Napiga ruti Dodoma–Dar. Stesheni ya Dar ninayoisikiliza Dodoma inapotea njiani, nafika Morogoro naikuta kwenye namba nyingine. Kwa nini wanahamahama?
Dereva wa Fuso, Kibaigwa

JIBU: Poa. Hawahami. Matangazo yanatoka studio Dar, yanapanda setilaiti, kisha mtambo wa kila mkoa unayashusha na kuyarusha upya kwa namba yake iliyopangwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ili minara jirani isigongane. Weka kwenye vitufe: cha kwanza Dodoma, cha pili Morogoro, cha tatu Dar. Ukiingia milima ya kati ya Gairo na Dumila, chomeka flashi yako ya nyimbo.