Karo Haipungui Yenyewe Ndani ya Simu

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, tunaishi Kiamunyi, Nakuru. Jioni nikitoka kazini hucheza EA Sports FC, mchezo wa soka, kwenye PlayStation 5 niliyoinunua kwa jasho langu, na mara nyingine hununua pakiti za wachezaji wa timu yangu ya mchezoni. Sinywi pombe wala sizururi. Mwezi jana mke wangu alinitumia pesa za karo nilipe, zikapungua kidogo, na tangu hapo amenuna, anataka mashine iuzwe. Je, mwanamume hana haki ya kujiburudisha?"

Marahaba, mwanangu. Haki hiyo unayo, na pole kwa uchovu wa kazi. Ila pale ulipopita mbio katika barua yako ndipo nilipotua mimi. Pesa za karo zilipungua kwa sababu ulikuwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha, ambalo hukatwa mara tu pesa zinapoingia kwenye M-Pesa yako, hata ziwe zimetumwa na nani, na sina shaka kwamba ulilikopa ili ununue pakiti hizo. Mkeo ndiye aliyelipia wachezaji wako bila kuulizwa.

Unaitetea mashine, ambayo hununuliwa mara moja, ilhali kinachokumaliza ni pakiti. Unalipa bila kujua utapata mchezaji gani, ukimkosa unayemtaka unalipa tena, na toleo jipya linapotoka, kama ilivyo kila mwaka karibu na Septemba, unaanza kuunda timu upya kana kwamba hukuwahi kutoa hata shilingi. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari, na mwaka uliofuata pointi za kuzinunulia zikaacha kuuzwa huko. Basi usijisifu kwangu kwamba huzururi, maana kamari huchezwa hata sebuleni.

Wengi wenu mliooa siku hizi mnadhani uaminifu ni kutokuwa na mwanamke wa pembeni tu, huku simu zenu zikiwa na madeni ambayo wake zenu huyagundua shuleni, mtoto anaporudishwa nyumbani. Mficha uchi hazai, na mkeo ana kila sababu ya kununa.

Lipa kwanza karo iliyobaki kutoka kwenye mshahara wako. Kisha keti naye, umfungulie taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, mstari kwa mstari, bila kumharakisha. Iwapo baada ya kuisoma bado atataka mashine iuzwe, iuze.