Kifaa cha GPS kwenye lori: nani mwingine ana funguo zake?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya usafirishaji hapa Kigoma. Malori yetu yanabeba mizigo kutoka Dar es Salaam kupitia Tabora, tunaishusha stoo, kisha inapanda meli kwenda Bujumbura au Kalemie. Bosi amenunua vifaa vya GPS vinavyoweza kuzima injini kwa meseji, pamoja na programu ya stoo ya mtandaoni. Fundi aliyetuuzia yuko Dar, anataka AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, ikae wazi muda wote kwenye kompyuta ya stoo ili asisafiri kila kukitokea tatizo. Bosi anasema antivirus inatosha. Ni kweli? Nianzie wapi? *Dada wa Kigoma*

JIBU: Haitoshi, dada yangu. Antivirus inalinda kompyuta ilimowekwa, basi. Kifaa kilichofichwa nyuma ya dashibodi ya lori haikijui, na fundi anayeingia kwa neno la siri halali haitamzuia. Kwa kila kitu alichonunua bosi, uliza: ni nani mwingine anaweza kuingia humu bila kutuomba ruhusa?

Anza na GPS, maana hapo kuna roho ya dereva. Julai 2022, kampuni ya utafiti ya BitSight na CISA, wakala wa usalama wa mitandao wa Marekani, walitangaza kasoro nzito kwenye kifaa cha MV720 cha kampuni ya MiCODUS, kinachouzwa kiasi cha dola 20. Seva yake ilikuwa na neno la siri kuu lililoandikwa ndani ya programu yenyewe, baadhi ya amri za meseji zilikubaliwa bila kuulizwa chochote, na neno la siri la kiwandani lilikuwa 123456. Aliyejua hayo angeweza kufuatilia gari la mtu na hata kulikatia mafuta. Siku ya tangazo, mtengenezaji alikuwa bado hajatoa marekebisho.

Vyenu huenda ni vya aina nyingine, lakini kupima ni rahisi. Lori likiwa limeegeshwa yadi, chukua simu ambayo namba yake haijasajiliwa kwenye kifaa, utume ile meseji ya kuuliza gari liko wapi kama kitabu cha maelekezo kinavyoonyesha. Likijibu, mtu yeyote anayeijua namba ya laini iliyo ndani ya kifaa anaweza kuliuliza. Badilisha neno la siri, ruhusu namba zenu tu, kisha pima tena. Halafu angalia laini iliyo ndani imesajiliwa kwa jina la nani. Fundi akiisajili kwa NIDA yake ili kuharakisha kazi, mkigombana yeye ndiye mwenye laini. Isajiliwe kwa jina la kampuni.

Kuhusu kuzima injini, msimamo wangu ni mkali: waya huo usiunganishwe kwanza. Kujua lori liko wapi kunawatosha. Lori lenye shehena likizimika ghafla mteremkoni ni ajali, awe aliyelizima ni mwizi au bosi mwenyewe aliyepandwa na hasira. Na msimrukie dereva kila GPS inaponyamaza. Njia hiyo ina vipande visivyo na mtandao; vifaa vingi hutunza kumbukumbu na kuzituma baadaye.

AnyDesk ifungwe. Fundi akihitajika apige simu, mtu wenu afungue na kukaa mbele ya skrini mpaka amalize, kisha afunge. Hiyo kompyuta ya stoo isiwe ndiyo mnayofanyia malipo ya benki. Hatari huja hata kupitia programu mnayoiamini: Juni 2017 virusi vya NotPetya vilienea kupitia masasisho ya programu ya uhasibu ya Ukraine, M.E.Doc, vikaiangusha hata Maersk, kampuni kubwa ya meli. Hasara yake ilikadiriwa kufika dola milioni 300. Walichoponea ni nakala moja muhimu iliyokuwa ofisi ya Ghana, ambayo ilikuwa nje ya mtandao kwa sababu umeme ulikatika! Ninyi msingoje TANESCO: kila jioni nakili daftari la stoo kwenye diski ya nje, uichomoe, uifungie kabatini.

Hujagusia utoaji wa mizigo, ila nina wasiwasi nao. Kati ya 2011 na 2013, wahalifu wa dawa za kulevya waliingilia kompyuta kwenye bandari ya Antwerp, Ubelgiji, wakajua kontena lao liko wapi na kutuma dereva wao kulichukua kabla ya mwenye mzigo halali. Kama stoo yenu inaachia mzigo kwa picha ya hati iliyotumwa WhatsApp, anayehitaji kuwaibia hana haja hata ya udukuzi huo. Pigeni simu kwa mteja, kwa namba iliyo kwenye faili lenu, siyo iliyokuja na picha.

Mwisho mkataba. Taarifa ziandikwe kuwa ni mali yenu, muuzaji awape taarifa mara anapoingiliwa, na mkiachana awakabidhi kumbukumbu zote. Mahali alipo dereva nako kunaweza kuwa taarifa binafsi chini ya sheria yetu ya mwaka 2022, kwa hiyo kampuni ijiandikishe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama kuna salio la fundi halijalipwa, lizuie hadi akabidhi orodha ya akaunti zote alizofungua, nawe uwe umebadilisha maneno ya siri yake yote.