Karatasi ulizoambatisha bado si ushahidi

Swali: Nilipanga vyumba viwili Mbagala, Dar es Salaam, kwa mkataba wa mwaka mmoja, kodi shilingi 150,000 kwa mwezi, inalipwa miezi sita sita. Awamu ya pili, 900,000, aliituma mume wangu kwa simu yake. Mwenye nyumba anasema hajaiona, akabadilisha kufuli. Pia nilimlipa fundi 280,000 atengeneze choo kwa makubaliano kwamba zitakatwa kwenye kodi. Barua ya makubaliano anayo yeye, mimi nina kivuli chake (fotokopi). Nimefungua maombi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na nimeambatisha kila kitu. Tunasikilizwa baada ya wiki tatu, na sina wakili. Nijiandae vipi?

Jibu: Pole sana, dada yangu. Katika barua yako kuna maneno matatu yaliyonitia wasiwasi: “nimeambatisha kila kitu”. Mahakama ya Rufani imekwishasema mara nyingi kwamba nyaraka iliyoambatishwa kwenye maombi si ushahidi. Inakuwa ushahidi pale shahidi anapoitoa mbele ya baraza, mpinzani akaulizwa kama ana pingamizi, nayo ikapokelewa na kupewa namba ya kielelezo. Nimeona watu wenye haki yao wakishindwa huku bahasha nene imelala mapajani.

Kwa hiyo chukua daftari, na kwa kila karatasi andika nani ataitoa. Hapo utaona pengo lako kubwa: aliyelipa ni mume wako, kwa laini yake. Ni lazima aje yeye mwenyewe kama shahidi. Ukisimama wewe kueleza muamala wa simu ambayo si yako, mwenye nyumba atapinga, na atasikilizwa.

Mume aende kwenye duka la kampuni ya simu aombe taarifa ya miamala ya mwezi ule, yenye muhuri. Picha ya skrini peke yake ni dhaifu. Na kama mwenye nyumba alijibu kwa ujumbe, hata “nimeiona, asante” tu, huo ni dhahabu: uchapeni, na siku hiyo simu yenyewe ije ikiwa na chaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hii, lakini baraza litataka kujua ni wa kuaminika kiasi gani. Mume aandae hati ya kiapo inayosema simu ni ya nani, ilikuwa mikononi mwa nani, nani alichapa, na kwamba hakuna kilichobadilishwa.

Mkataba wako je, umelipiwa ushuru wa stempu, yaani ushuru wa serikali unaotozwa kwenye hati kama mikataba? Wapangaji wengi hawajui jambo hili. Mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi. Peleka nakala yako halisi Mamlaka ya Mapato (TRA) wiki hii. Ukichelewa kulipa kuna adhabu juu yake, lakini dosari hiyo inaponyeka.

Ile barua ya choo, usisubiri mpaka siku ya shauri. Kanuni ni kwamba nyaraka huthibitishwa kwa nakala halisi. Kwa kuwa halisi anayo mpinzani, mwandikie notisi sasa ailete barazani, apokee kwa saini, nawe ubaki na nakala ya notisi hiyo. Asipoileta, ndipo unapoweza kuomba kivuli chako kipokelewe. Na fundi aje. Risiti haiwezi kuulizwa maswali, yeye anaweza.

Ukikumbuka kitu ambacho hukukiambatisha, kanuni za mabaraza haya za mwaka 2003 zinaruhusu kuomba kukiwasilisha kabla usikilizwaji haujafungwa, mradi mwenzako apewe nakala. Hakikisha pia hati ya Baraza la Kata inayothibitisha kwamba usuluhishi ulishindikana imo kwenye jalada. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2021, bila hiyo shauri lako linaweza kuondolewa hata kabla hujafungua mdomo.

Siku yenyewe, eleza kwanza karatasi ni nini na uliipataje, ndipo useme: “Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba taarifa hii ipokelewe kama kielelezo.” Kisha nyamaza, usubiri. Usihamie karatasi nyingine mpaka umesikia imepokelewa na kupewa namba.