Kabla ya Kuamini Kipimo: Ushauri kwa Wanaoanza Kupima Uga Sumaku kwa Almasi

Kihisi cha kwanta cha almasi hutegemea kasoro ndogo ndani ya fuwele: atomu ya naitrojeni imeshika mahali pa atomu ya kaboni, na jirani yake pana nafasi isiyo na atomu. Kasoro hiyo ikimulikwa kwa leza ya kijani hutoa mwanga mwekundu, na ikipitishiwa maikrowevu ya masafa ya karibu gigahezi 2.87, mwanga huo hufifia na kuchora bonde kwenye grafu. Penye uga sumaku, bonde hugawanyika kuwa mawili, na kila moja huhama kwa takribani megahezi 28 kwa kila militesla 1 iliyoelekea upande wa mhimili wa kasoro.

Nakusihi ulishike hili mapema: bonde kuhama si ushahidi kwamba uga umebadilika. Joto likipanda kwa nyuzi 1 ya selisiasi, mabonde yote mawili hushuka kwa kilohezi zipatazo 74, na anayefuatilia bonde moja pekee atadhani ameona mikrotesla 2.6 hivi, kiasi kikubwa mno ukikumbuka kwamba uga wa dunia nzima ni kati ya mikrotesla 25 na 65. Joto lenyewe hutoka papo hapo, kwa kuwa leza na maikrowevu huipasha almasi moto. Fuatilia mabonde yote mawili kila mara. Joto huyasogeza pamoja, uga huyatenganisha.

Sumaku ya kudumu, ile unayoiweka karibu na almasi ili kuyatenganisha mabonde, inahitaji uangalifu zaidi, kwani hapo mbinu hiyo haikuokoi. Sumaku ya neodimi hupungua nguvu kwa takribani asilimia 0.1 kwa kila nyuzi 1, na mabadiliko hayo ni ya uga wa kweli, ila si uga unaoutafuta. Mimi huchagua ya samari na kobalti, ambayo haiyumbishwi sana na joto.

Usishtuke ukikuta mabonde manane, maana kasoro hizi huelekea pande nne. Zungusha sumaku polepole hadi ilingane na mhimili mmoja. Utaona jozi tatu zikisogeleana na kulaliana, nje yake ikabaki jozi moja iliyotanuka. Kisha pitisha kwenye koili mkondo wa umeme unaoujua, ulinganishe kipimo na hesabu. Visipolingana, usiweke sampuli bado.